Ngatinah Mwosha Mifupa na Sanduku Lililokwenda Idi

Huyu ni Ngatinah binti Wongsokaryo, mzaliwa wa kijiji kilichoegemea mlima Wilis, upande wa Kediri. Baba yake, Wongsokaryo, alikuwa muunga mifupa: alimuunga mfupa wa mkono mkuu wa kijiji aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, akamuunga nyati wa jirani mguu wa mbele, na nyati yule alilima misimu sita baada ya hapo. Mama yake, Saminah, aliosha maiti za wanawake wa vijiji vitatu kwa miaka arobaini, na hakutoka nje hata siku moja akasimulia alichokiona juu ya mwili wa mtu. Na Ngatinah mwenyewe, mwenye cheti cha darasa la sita na si zaidi ya hapo, aliosha mifupa ya watu miaka ishirini na tisa katika hospitali ambayo jina lake silitaji, maana wenyewe wanajijua. Ni yeye aliyeukataa mfupa wa mama mkwe wa mkubwa mmoja wa wilaya kwa sababu damu ya yule mama haikuwa imepimwa. Ni yeye aliyemtoa nje profesa aliyeingia chumba cha kuoshea na viatu vya barabarani. Vipande vilivyopita mikononi mwake vikaingia miilini mwa watu havina idadi, na watu hao wanalima, wanapanda pikipiki, wanacheza na wajukuu, wala hawamjui. Hilo halikumuuma kamwe.

Mifupa ilikuja hivi. Mzee ameteleza bafuni, nyonga imevunjika, daktari anakitoa kile kichwa cha mfupa wa paja na kumwekea cha chuma. Kile kilichotolewa familia inaulizwa: mtakizika, au mtakitoa kisaidie wengine? Na watu wa huko hawatupi kitu kilichotoka mwilini. Hata kondo la nyuma la mtoto linazikwa na kuwashiwa taa juu yake. Kwa hiyo anayetoa ametoa kweli. Ndiyo maana Ngatinah, kabla ya kugusisha msumeno, aliinamisha kichwa akasema kwa sauti ndogo, "Samahani, mwenyewe. Naomba ruhusa." Vijana wenye digrii walicheka mwanzoni. Baadaye nao wakawa wanasema, wakidhani hasikii.

Kisha kazi. Aliusugua mfupa, akautoa nyama na mafuta mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia, kwani mafuta yakibaki huoza ndani ya mtu. Akaukata vipande kama tofu ya sokoni, au akausaga ukawa kama chumvi ya mawe. Ulikaushwa kwa mashine ya baridi, ukafungwa ndani ya plastiki tatu, moja juu ya nyingine, na juu ya plastiki ya mwisho ikabandikwa stika ndogo ya njano, mviringo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Sanduku likijaa linapelekwa kwenye mtambo wa mionzi karibu na Jakarta. Huko mionzi inaua kila kijidudu ambacho mkono na sabuni havikukifikia, na stika inageuka nyekundu, nyekundu kama mate ya tambuu. Linarudi na karatasi ya kuthibitisha. Nyekundu na karatasi, ndipo pakiti inaingia kabati la kijani, tayari kwa chumba cha upasuaji. Kimoja bila kingine, haiingii.

Hilo alilishika kwa sababu ya Sukidi. Sukidi alikuwa mbeba matofali, na mwaka wa nane wa kazi ya Ngatinah aliwekewa mfupa uliotoka kwenye pakiti yenye tundu dogo kama la sindano. Tundu lilionekana. Mkubwa wa wakati ule akasema, "Tundu hilo? Mbu gani ataingia hapo?" Baada ya wiki mbili mguu wa Sukidi ulitoa usaha wenye harufu ya kunde zilizolala, na baada ya mwezi ukakatwa juu ya goti. Ngatinah alikwenda kwake na mchele na sukari. Sukidi hakumtukana. Alimuuliza tu, akimwita Bu, yaani mama, kwa heshima, "Bu, nani alikuwa wa mwisho kuiangalia ile pakiti?" Ngatinah akajibu, "Mimi." Tangu siku hiyo akajiwekea desturi: kila anayesubiri mfupa, lazima amwone kwa macho yake kabla ya kumtolea pakiti.

Basi mwaka ule Idi iliangukia katikati ya kiangazi. Ngatinah alikuwa likizo siku kumi, akarudi kazini Jumanne. Kabla hajavaa koti jeupe alipanda wodini, maana kwenye orodha ya Jumatano kulikuwa na mwanamke mmoja, Bu Legiyem, mtengeneza tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, wa miaka arobaini na saba. Uvimbe ulikuwa umemla mfupa chini ya goti la kulia. Ungekwanguliwa wote, na pale palipobaki shimo la kutosha kuingia yai la bata pangejazwa mfupa wa watu.

"Wewe ndiye unayeniletea mfupa?" Legiyem akauliza, amekaa kitandani anajipepea na kifuniko cha chakula.

"Mimi ndiye."

"Usiniletee wa mwanamume mvivu, Bu. Mimi hukanyaga soya kapuni kilo themanini kwa siku, mpaka maganda yatoke. Mguu ukija kuniambia umechoka, nitakuja kukutafuta."

"Njoo tu. Utanikuta."

"Mume wangu alijaribu kukanyaga wiki moja. Tempe ilitoka na maganda, wateja wakaniuliza kama tumeanza kuuza magodoro."

Walicheka. Kisha Legiyem akaacha kucheka, akasema taratibu, "Binti zangu wawili wako shule kwa mguu huu, Bu. Nisaidie."

Ngatinah alishuka akiwa na neno hilo moyoni. Chini akamkuta Kinasih, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwenye digrii ya biolojia na mkono mwepesi, ambaye Ngatinah alikuwa amemfundisha kazi miaka mitano.

"Bu, Idi njema, nisamehe makosa yangu ya dhahiri na ya siri," Kinasih akasema, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Sanduku limerudi tangu Ijumaa. Pakiti zote nyekundu."

"Karatasi?"

"Daktari Kusnadi amesema karatasi itafuata."

"Itafuata kwa miguu?"

Kinasih akatazama chini. Daktari Kusnadi ndiye aliyekuwa mkuu wa benki ile ya mifupa. Alisoma ng'ambo, na meza yake ilikuwa na kioo juu.

Ngatinah akafungua kabati la kijani. Humo ndimo sanduku lilimokuwa, sanduku la plastiki inayopitisha mwanga, na pakiti zimefungwa nnenne kwa kamba ya rafia. Akatoa fungu moja, akasogea dirishani. Wekundu ule haukuwa wa tambuu. Ulikuwa wa tofali. Akaikata rafia na mkasi, na pale ilipokuwa imepita kamba, katikati ya stika, pakabaki mstari wa njano, mwembamba, safi kama siku ilipobandikwa. Akafungua fungu la pili. Mstari. La tatu. Mstari. Na zile za chini kabisa ya sanduku zilikuwa na rangi ya embe linaloanza kuiva.

Akazishika zile pakiti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenziwe, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Kusnadi. Hakubisha hodi, ila alimwita Pak, yaani baba, kwa heshima.

"Pak, mfupa huu haujapigwa mionzi."

"Bu Ngatinah, karibu. Likizo ilikuwaje? Stika nyekundu, unaziona mwenyewe."

"Naona pia mstari. Hapa ilipita rafia. Mionzi ile inapenya plastiki tatu, inapenya na mfupa wenyewe mpaka katikati. Itashindwaje na kamba ya rafia? Kinachozuiwa na kamba ni jua, Pak. Sanduku hili limeanikwa."

Daktari akaichukua pakiti, akaigeuza, akairudisha mezani. "Stika ni za zamani. Rangi zinachanganyika. Daktari Larasati ana upasuaji kesho, wagonjwa wamesubiri tangu kabla ya Ramadhani, na kabati lilikuwa tupu. Alhamisi tuna wageni wa kutukagua. Unataka wakute nini, utando wa buibui?"

"Wakute tupu. Tupu haiozeshi mguu wa mtu."

"Bu," Daktari akasema, sasa akitabasamu lile tabasamu la kumvumilia mtu, "wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita, Pak. Na huko tulifundishwa kivuli ni kitu gani."

Tabasamu likaisha. Akamwambia arudi kwenye kazi yake, aandae pakiti sita za Bu Legiyem, na kama hataki Kinasih ataandaa.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Ngatinah, na haikuwa hasira ya kudharauliwa; darasa la sita ni lake na halimwaibishi. Kilichomchoma ni jinsi yule mtu alivyoiweka pakiti mezani, kati ya kalenda na kikombe cha kahawa, bila hata kujiuliza. Mzee mmoja alitoa mfupa wake badala ya kuuzika. Mwanamke mmoja juu anajipepea na kumwamini. Na kati yao hao wawili, mtu mwenye kioo mezani anasema rangi zinachanganyika!

Alizikusanya pakiti, akarudi chumbani, akatia moja mfukoni na nyingine akazirudisha, akafunga kabati la kijani kwa ufunguo, ufunguo akautia ndani ya kemben, kitambaa cha kufungia kifua, chini ya blauzi, mahali ambapo hakuna daktari angethubutu kuutafuta. Kisha akachukua stika mpya ya njano kutoka kwenye boksi lake la giza, akaifunga kipande cha rafia, akapanda ngazi ya fundi na kuiweka juu ya bati la banda la baiskeli. Akashuka, akakaa chini yake kwenye kiti, mikono mapajani. Watu walipita wakamuuliza, "Bu, unasubiri nani?" Akajibu, "Nasubiri jua liseme."

Kulipoadhiniwa adhuhuri, Daktari Larasati, mpasuaji mwenyewe, alikuja akiwa na hasira zake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache.

"Bu Ngatinah, naambiwa umenifungia mifupa yangu."

"Ni kweli, Bu Daktari. Subiri dakika moja." Akapanda ngazi, akashuka na ile stika kiganjani, akaikata rafia mbele yake. Upande huu tofali, upande huu tofali, katikati njano. Akatoa mfukoni na pakiti ya sandukuni, akaziweka pamoja.

Daktari Larasati alizitazama muda mrefu. "Hii ya juu ya bati umeiweka lini?"

"Saa tatu."

"Muiteni dereva," akasema.

Dereva aliyelipeleka sanduku alikuwa Pak Tumiran, mtu wa Wonogiri, mwema, mpenda hadithi. Aliwakuta wote wametangulia ofisini kwa Daktari Kusnadi, naye anakula karanga. Alipoona nyuso akazitia mfukoni.

"Tumiran," Ngatinah akamwambia, "hili sanduku lilikula Idi wapi?"

"Bu, usinilaumu bila kunisikiliza. Foleni ya magari, Allah! Masaa ishirini na sita, watu wanapika wali barabarani. Nafika mlango wa mtambo, mlinzi ananiambia wamefunga mpaka baada ya Idi. Sasa nigeuke bure? Nikasema, mifupa mikavu hailii, haiombi maziwa. Nikapita nayo kwetu."

"Ukaiweka wapi?"

"Nyuma ya gari, kwenye kioo. Kwa heshima kabisa! Hakuna mtoto aliyeigusa, niliwaambia hao ni wageni. Siku ya tano nachungulia, naona zimekuwa nyekundu zote. Nikasema Alhamdulillahi. Si mlinifundisha wenyewe, zikiwa nyekundu zimeiva? Nikaona nisipoteze petroli ya serikali kurudi Jakarta."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini.

Daktari Kusnadi akapiga meza. "Tumiran, wewe ni punda!"

"Usimwite punda," Ngatinah akasema, na sauti yake ilisikika mpaka korido. "Huyu amekosa kama wanavyokosa watu wote mwezi wa Idi, mwili uko kazini na roho iko kwao. Aliambiwa nyekundu, akaleta nyekundu. Wewe uliambiwa nyekundu na karatasi. Karatasi iko wapi? Ulikaa na swali hilo siku nne, ukalipachika jina la 'itafuata'. Pak, ningekuwa mimi nimefanya hivyo, ungesema ni kwa sababu ya darasa la sita. Wewe tuseme ni kwa sababu ya darasa gani?"

Daktari Kusnadi akasema kwa sauti ya chini kwamba sanduku litarudishwa Jakarta kimya kimya, lipigwe mionzi, na hakuna haja ya kuandika lolote, kwa ajili ya jina la hospitali. Ngatinah alimgeukia Daktari Larasati. "Na yule wa juu?"

"Nitachukua mfupa wake mwenyewe, kwenye nyonga zote mbili. Utatosha. Ila atapata maumivu zaidi ya yale niliyomwambia."

"Basi tukamwambie."

Walipanda pamoja. Legiyem alisikiliza mpaka mwisho, kifuniko cha chakula kimetulia mkononi.

"Kwa hiyo mtanitoboa mara tatu badala ya moja."

"Ndiyo," Daktari akasema.

"Na huyo wa sandukuni angeniingia kesho, mngeninyamazia, mguu ungeoza, nami ningesema ni majaliwa ya Mungu." Akamtazama Ngatinah. "Hata angekuwa mwanamume mchapakazi, Bu, simtaki. Toboeni hizo nyonga."

Jumatano asubuhi walimpasua. Ngatinah alikaa nje ya mlango kwa saa tatu na nusu. Daktari Larasati alipotoka alivua kofia akasema, "Shimo limejaa. Safi." Na lilikuwa safi kweli; leo hii ukipita mtaa wake alfajiri utamsikia akikanyaga soya na kumtukana mume wake kwa furaha.

Alipoteremka, Ngatinah alikuta barua juu ya benchi lake. Kuanzia Jumatatu anahamishiwa chumba cha kufulia mashuka, kwa kuzingatia umri wake. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya chupa ya spiriti isipeperuke. Kisha akatoa ufunguo kifuani, akafungua kabati ili alitie sanduku lakiri, na kabla ya kulitia lakiri akahesabu. Wakati wa kufunga kabla ya Idi zilikuwa pakiti ishirini na nne. Akahesabu mara ya pili, akijumlisha na ile iliyokuwa mfukoni mwake. Ishirini na moja.

"Kinasih."

Kinasih alikuwa amesimama ukutani tangu zamani, ameshika daftari kifuani. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hayafuti.

"Jumamosi, Bu. Zilikwenda hospitali ile ndogo ya pwani ya kusini. Waliomba tatu. Daktari Kusnadi alisema toa, nami nikatia saini. Nimemwambia leo asubuhi. Amesema atapiga simu."

"Ameshapiga?"

"Bado. Amesema kwanza wageni wapite."

Ngatinah akavuta kiti akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alionekana amechoka. Akamwachia binti yule alie kidogo, kwa kuwa machozi mengine lazima yatoke, kisha akasema:

"Futa uso. Sikiliza, mwanangu. Simu haitoi pakiti kabatini. Simu inapokelewa na mtu anayeondoka kwenda kula, anasema sawa, anasahau. Utakwenda mwenyewe. Mimi nitakaa hapa na hizi ishirini na moja, maana nikiinua mguu tu, kesho zitakuwa zinapigwa picha na wageni. Na kwenye daftari naandika leo, kwa wino, kila jina na kila siku, la kwako pia."

"Andika, Bu."

"Ukifika, usiulize mkubwa ni nani. Uliza nani anashika ufunguo wa kabati la upasuaji. Zichukue pakiti kwa mikono yako, zihesabu kwa sauti. Zikiwa tatu, rudi nazo. Zikiwa mbili, au moja, uliza jina la mtu na kitanda chake. Nenda ukakae hapo. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, jina lako na saini yako, kabla hajaambiwa na homa. Akikutukana, kaa. Mwambie daktari wake afungue, asafishe, asingoje usaha. Na kila asubuhi utakitazama kidonda pamoja naye mpaka kifunge. Kazi nitakusemea."

"Na Daktari Kusnadi akiuliza niko wapi?"

"Aniulize mimi. Nitakuwa hapa mpaka Jumatatu." Akalichukua koti jeupe la Kinasih kutoka msumarini, akalikunja, akamtilia kwenye mfuko pamoja na glovu na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, uliokuwa chakula chake cha mchana. "Basi la kusini linaondoka saa saba. Usikae upande wa jua. Nenda."